Nyimbo za Zamani za Tanga Mtandaoni: Mwongozo wa Kuzitafuta, Kuzitambua na Kuzisambaza

Mwongozo huu ni wa wapenzi wa muziki wa dansi na wa taarab walioko Tanga, na wa watu wa Tanga waliohamia kwingine, ambao hupokea na kutuma nyimbo za zamani katika makundi ya simu karibu kila siku. Nyimbo hizo zinapatikana leo kwa urahisi ambao haukuwapo hata zilipotoka, kwa kuwa wakusanyaji wa santuri wa Ulaya na Marekani wamepakia mtandaoni vitu ambavyo vilikwisha kutoweka katika nyumba nyingi za mitaa yetu ya Ngamiani na Chumbageni. Kinachokosekana ni habari zake. Wimbo hufika kwenye simu ukiwa na jina la faili la tarakimu tupu, au umebandikwa picha ya bendi nyingine kabisa, au umeunganishwa na nyimbo kumi nyingine katika mfululizo mmoja ulioandikwa «Zilipendwa» na basi. Mkusanyaji aliye ng'ambo anaweza kuwa na santuri safi kuliko zote zilizobaki, lakini hana wa kumwuliza ni nani anayepiga gita la solo, wala ni mtaa gani unaotajwa katika ubeti wa pili. Sisi tunao watu hao, nao wanazeeka. Kwa hiyo kazi ya mpenzi wa muziki wa Tanga si kuongeza idadi ya nyimbo zinazozunguka, bali kuurudishia kila wimbo majina ya watu wake kabla ya kumtumia mwingine.

Kwanza: jua unachokitafuta

Tanga ya miaka ya 1960 na 1970 ilikuwa na bendi mbili kubwa za dansi zilizoshindana vikali, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na ushindani huo uliwagawa mashabiki wa mji kama bendi za Msondo na Sikinde zilivyowagawa baadaye wa Dar es Salaam. Upande wa taarab kulikuwa na Black Star Musical Club na Lucky Star Musical Club, zilizokuwa mstari wa mbele kuingiza magita ya umeme, besi na midundo ya kuchezeka katika muziki uliozoeleka kusikilizwa watu wakiwa wamekaa, na mtindo wao ukaenea hadi Mombasa na mbali zaidi. Sauti inayokumbukwa kuliko zote katika vikundi hivyo ni ya Shakila binti Said, aliyeimba Black Star na baadaye Lucky Star kabla ya kuhamia Dar es Salaam, na ambaye alifariki mwaka 2016.

Kuna kundi la tatu ambalo watafutaji wengi hulisahau, nalo ni la wanamuziki waliotoka Tanga na kurekodi kwa majina mengine. Ndugu wawili, Wilson Kinyonga na George Kinyonga, walipitia Jamhuri Jazz, wakaenda Arusha na kupiga katika Arusha Jazz, na mwaka 1971 wakiwa Kenya wakaunda Simba Wanyika, bendi ambayo mwaka 1978 ilimeguka na kuzaa Les Wanyika. Anayeandika neno «Tanga» peke yake kwenye kisanduku cha kutafutia hatawaona watu hawa hata siku moja, ingawa anayewasikiliza baada ya kuzoea gita la Jamhuri Jazz hatahitaji kuambiwa walikotoka.

Bendi ndogo za mashamba ya mkonge, za mashirika na za shule ni jambo jingine. Nyingi hazikutoa santuri hata moja, na zilizosikika redioni zilisikika mara chache, kwa hiyo usizitarajie kwenye orodha za wakusanyaji. Zikipatikana, zitapatikana katika kanda za nyumbani, na nitazieleza mbele.

Pili: tafuta kwa tahajia zote, kisha kwa namba

Waliochapa lebo za santuri hawakujali sana tahajia, na waliopakia mtandaoni wamenakili walichokiona. Tafuta «Jamhuri Jazz» na pia «Jamuhuri Jazz». Tafuta «taarab», «tarab» na «tarabu». Tafuta «Shakila», «Shakila Said», «binti Saidi» na «bint Said». Majina ya nyimbo nayo yaandike kwa namna mbalimbali, ukiunganisha na kutenganisha maneno, kwa sababu mtu asiyejua Kiswahili aliyezipakia ameandika kwa kukisia pale lebo ilipochubuka.

Kwa muda mrefu nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, na bendi nyingi zilizopata nafasi ya kutoa santuri zilifanyiwa kazi hiyo Nairobi. Kwa sababu hiyo wimbo wa Tanga mara nyingi umeorodheshwa chini ya Kenya, na mtafutaji anayejifunga kwenye neno «Tanzania» hujinyima nusu ya mavuno. Angalia chapa zilizokuwa zikifanya kazi Nairobi, kama Philips na Polydor, na kwa taarab ya pwani angalia Mzuri, iliyokuwa chapa ya duka la Assanand mjini Mombasa.

Kila santuri ina namba kwenye lebo, na namba ndiyo njia ya uhakika kuliko jina. Katika hifadhidata ya Discogs, ambako wakusanyaji huweka picha za lebo, andika namba hiyo pamoja na herufi zake za mwanzo, kisha pitia namba zilizo jirani nayo. Bendi ilipokwenda studio haikurekodi wimbo mmoja ikarudi nyumbani. Ilirekodi kadhaa, na mara nyingi hizo zilitolewa kwa namba zilizofuatana au kukaribiana. Njia hii hukufikisha kwenye nyimbo ambazo hukuwa unajua kwamba zipo.

Usiyapuuze matoleo yaliyokwisha kukusanywa kwa uangalifu. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ilitoa mkusanyo uitwao «Nyota» wa nyimbo za Black Star na Lucky Star, na mfululizo wa «Zanzibara» wa Buda Musique ya Ufaransa umefika hadi taarab ya Mombasa na Tanga ya miaka ya 1970 hadi 1990. Vijitabu vinavyofuatana na matoleo kama hayo vina habari ambazo hutazipata kwenye video yoyote. Kwa ngoma za zamani zaidi kuliko bendi, tazama International Library of African Music iliyoko Afrika Kusini, inayotunza ngoma alizorekodi mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipopita Tanganyika mwaka 1950.

Tatu: hakikisha kwamba wimbo umekamilika na unakwenda kwa mwendo wake

Santuri ndogo ya inchi saba ilibeba kama dakika tatu au zaidi kidogo kwa kila upande. Wimbo mrefu wa dansi uligawanywa: beti na kiitikio upande wa kwanza, na chemko, ambapo magita yanajibizana na watu wanainuka, upande wa pili. Waliopakia mara nyingi wameweka upande mmoja tu, ama kwa kutojua ama kwa kuwa upande wa pili umekwaruzika. Ukisikia wimbo unafifia pale ambapo gita la solo ndiyo kwanza linaanza kupanda, usiutume kama ulivyo. Tafuta sehemu ya pili, na usipoipata, andika wazi kwamba hii ni sehemu ya kwanza peke yake. Nimeona vijana wakisema kwamba bendi za zamani zilikuwa na nyimbo fupi zisizo na moto, na wanasema hivyo kwa sababu moto ulikuwa nyuma ya santuri.

Jambo la pili ni mwendo. Santuri ya mizunguko 45 kwa dakika ikipigwa kwa mashine inayokimbia kidogo, sauti ya mwimbaji hupanda na mtu mzima akasikika kama kijana. Kanda iliyonakiliwa kutoka kanda nyingine, nayo kutoka kanda nyingine, hubadilika zaidi. Kama una gita au kinanda, pima: ikiwa bendi nzima imekaa katikati ya sauti mbili zinazofuatana za chombo chako, mashine ndiyo ya kushukiwa kwanza, ingawa bendi nazo zilijipatanisha zenyewe bila kifaa, hivyo usihukumu kwa wimbo mmoja. Linganisha na nakala nyingine ya wimbo uleule kabla ya kusahihisha chochote.

Epuka pia nakala zilizoongezwa ngoma za kompyuta au kusafishwa mpaka sauti za juu zimekufa. Mkwaruzo hauzuii kumtambua mpiga gita, lakini usafishaji uliopita kiasi humzika.

Nne: kadiria mwaka kwa ushahidi, si kwa hisia

Miaka inayoandikwa chini ya video haina thamani mpaka ipimwe. Bahati nzuri muziki wetu una alama nyingi zinazosaidia. Jina «Tanzania» lilianza kutumika Oktoba 1964, kwa hiyo wimbo unaoitaja nchi kwa jina hilo hauwezi kuwa wa kabla ya hapo, na unaosifu Azimio la Arusha hauwezi kuwa wa kabla ya Februari 1967. Mwimbaji Salum Abdallah wa bendi ya Cuban Marimba alifariki mwaka 1965. Wimbo unaodaiwa kuwa wake wa 1970 ama ni wa zamani zaidi ama umeimbwa na mwingine baada yake. Mbaraka Mwinshehe aliiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano, naye alifariki Januari 1979, kwa hiyo jina la bendi peke yake linakupa mipaka ya miaka. Ni vivyo hivyo kwa NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964 na kubadilika kuwa JUWATA Jazz mwishoni mwa miaka ya 1970.

Majina ya mitindo nayo husaidia, kwa sababu bendi zilijitaja ndani ya wimbo kwa jina la mtindo wao. Ukisikia «Saboso» unajua uko na Western Jazz, na ukisikia «Masika» uko na Mbaraka wa Super Volcano. Sikiliza kelele za katikati ya chemko kwa makini kuliko beti zenyewe, maana humo ndimo wapigaji wanamoitana kwa majina.

Kumbuka kwamba Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa ikirekodi bendi katika studio yake yenyewe, na bendi hiyohiyo ingeweza kuurekodi wimbo uleule Nairobi kwa ajili ya santuri. Hizo ni rekodi mbili tofauti, pengine zenye wapigaji tofauti, na kuzichanganya ndicho chanzo cha ubishi mwingi usiokwisha katika makundi, ambapo kila upande una hakika na kila upande una haki.

Tano: mpelekee mzee wimbo, wala usimpelekee jibu

Hatua hii ndiyo inayostahili muda wako mwingi, na ndiyo ambayo mtu wa mbali hawezi kuifanya kwa niaba yetu. Wapo Makorora, Mabawa, Usagara na mitaa ya barabara za namba za Ngamiani wazee waliopiga, waliobeba vyombo, waliokata tiketi mlangoni, na waliokuwa wakiingia dansini kila Jumamosi. Wapo pia Pangani, Muheza na Korogwe, kwa kuwa bendi zilizunguka.

Nenda kwa adabu zake. Toa shikamoo, kaa, uliza habari za nyumbani, na ueleze umekuja kwa nini kabla ya kutoa simu mfukoni. Chukua spika ndogo yenye besi ya kutosha. Simu yenyewe haitoi besi, na huwezi kumwuliza mtu habari za mpiga besi asiyemsikia. Kisha piga wimbo mzima bila kusema neno. Usianze kwa kusema, «Mzee, huu si ni wimbo wa Atomic?» kwa sababu mzee mwungwana anaweza kukukubalia ili asikuvunje moyo, nawe ukaondoka na kosa lenye baraka zake. Mwache ataje mwenyewe. Akishataja bendi, rudisha wimbo nyuma na uliza kipande kwa kipande: «Huyu anayeanza kuimba ni nani? Anayemjibu je? Solo hili ni la nani? Saksafoni walikuwa nayo wakati huo?» Wengi wasiokumbuka jina la wimbo humkumbuka mpigaji kwa namna anavyomalizia kipande chake.

Ukitoka kwa mmoja, nenda kwa mwingine peke yake, bila kumwambia alichosema wa kwanza. Shahidi mzuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni mwanamuziki wa bendi pinzani. Aliyepiga Atomic aliisikiliza Jamhuri kwa wivu na kwa makini ambavyo shabiki hana, akajua nani ameingia, nani ametoka na nani ameiga nini. Atakupa kasoro zao pia, na hizo husaidia kumtambua mtu kuliko sifa.

Kwa taarab, waulize akina bibi waliokuwa wakienda kutunza, yaani kuwapa waimbaji fedha wakiwa jukwaani. Wao wanajua nani aliimba wimbo gani usiku gani, na mara nyingi wanajua fumbo lilimlenga nani. Hapo weka mpaka: jina la mwimbaji, la mtunzi wa maneno na la mpiga kinanda liandike, lakini habari ya aliyeimbiwa mafumbo ibaki barazani. Watoto na wajukuu wake wako mjini humu humu, na kundi la watu mia tatu si baraza.

Omba ruhusa ya kurekodi mazungumzo, na ukikubaliwa, taja mwanzoni tarehe, mtaa na jina la anayezungumza kama ameridhia litajwe. Mzee akiimba au akigusa gita kuonyesha jinsi kilivyopigwa, usimkatize kwa swali.

Kanda zilizomo kabatini

Ziara za namna hii mara nyingi huishia kwa mzee kuingia chumbani na kutoka na mfuko wa kaseti. Humo mnaweza kuwa na dansi lililorekodiwa ukumbini, kipindi cha redio, au harusi ambayo kikundi cha taarab kisichojulikana tena kilitumbuiza. Usizichukue kwenda nazo kwako isipokuwa umeombwa. Ni bora kuleta mashine.

Kabla ya jambo lolote, vunja vile vijiplastiki viwili vilivyo mgongoni mwa kaseti, kama bado vipo, ili mtu asibonyeze kitufe cha kurekodi kwa bahati mbaya akafuta kilichomo. Safisha kichwa cha mashine kwa pamba yenye spiriti na ukiache kikauke. Zungusha kanda yote mbele na nyuma mara moja ili ilegee, kisha icheze, ukiunganisha tundu la sauti la mashine na kompyuta kwa waya badala ya kuweka simu mbele ya spika. Rekodi upande mzima bila kusimamisha, kwa WAV, aina ya faili isiyobana sauti, ambayo huchukua takriban megabaiti kumi kwa dakika, na usikate sauti ya mtangazaji, makofi wala mtu anayemwita mwenzake. Mtangazaji anayesema saa na jina la kipindi ni ushahidi bora kuliko kumbukumbu ya yeyote kati yetu. Mkato utafanywa baadaye kwenye nakala, si kwenye asili.

Andika maelezo kabla ya kutuma

Ufupi unafaa, mradi usiache kitu. Andika bendi na mji wake, jina la wimbo kama lilivyo kwenye lebo, hata kama tahajia ni mbovu, na tahajia sahihi baada yake, mtunzi, mwimbaji na wapigaji waliotambuliwa, chapa, namba na upande wa santuri, au kama ni kanda au redio, mwaka, umepata wapi nakala, na nani amewatambua wapigaji. Tenganisha kinachojulikana na kinachokadiriwa: «1972 kwa mujibu wa lebo» si sawa na «inakadiriwa mwanzoni mwa miaka ya 1970», na palipo na mashaka andika hivyo bila aibu. Wazee wakitofautiana, weka kauli zote mbili. Mtu wa tatu atakayezisoma, labda mtoto wa mpigaji aliyeko Muscat au Mombasa, ndiye atakayeamua.

Weka maelezo hayo ndani ya jina la faili pia, walau bendi na wimbo, kwa sababu ujumbe ulioandikwa chini ya wimbo hupotea mara tu wimbo unapopelekwa kundi jingine. Picha ya lebo ndiyo picha inayofaa kuambatana na wimbo. Ukikosa lebo, tuma bila picha, kwani picha ya bendi isiyohusika, hasa hizi zilizotiwa rangi na kompyuta, huzaa kosa litakalodumu kuliko wimbo wenyewe.

Kutuma na kuhifadhi

Wimbo wa dakika tatu katika MP3 ya kilobiti 128 una uzito wa karibu megabaiti tatu, na katika kilobiti 320 unafika kama megabaiti saba. Kwa kundi lenye watu wanaohesabu bando, tuma nakala nyepesi na useme kwamba nzito ipo kwa anayeihitaji. Tuma kama dokumenti, ili jina la faili na ubora vibaki kama ulivyoviweka. Tuma wimbo mmoja kwa wakati mmoja na uache siku ipite. Nyimbo ishirini zikishushwa usiku mmoja hakuna anayezisikiliza, na masahihisho uliyokuwa unayatafuta hayaji.

Masahihisho yakija, yaingize kwenye maelezo na uutume tena wimbo ukieleza kilichobadilika na aliyesahihisha. Mpelekee pia aliyeupakia mtandaoni. Wakusanyaji walio wengi hupokea kwa furaha jina la mpigaji walilolitafuta kwa miaka.

Haki za wenyewe

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake, na kurekodi kuna haki zake pembeni, kwa hiyo wimbo kuwa wa zamani hakuufanyi kuwa wa bure. Wimbo ukiwa unauzwa katika mkusanyo kama «Nyota» au «Zanzibara», tuma kiungo cha mahali unaponunuliwa badala ya faili. Usipakie wimbo kwenye chaneli inayoingiza fedha kwa jina lako, na anayetaka kuutumia katika tangazo au filamu mwelekeze COSOTA, ofisi ya serikali ya mambo ya hakimiliki. Familia ya mwanamuziki ikikuomba uondoe wimbo au rekodi ya mazungumzo, ondoa kwanza, ndipo uulize sababu. Ikiwa wanachotaka ni jina la mzee wao litajwe ipasavyo, andika maelezo mapya pamoja nao na uyasome kwao kabla ya kuurudisha wimbo kundini.